Kukanda kwa Upole: Namna ya Kumsaidia Mtu wa Nyumbani Kulegeza Mwili Uliokaza

Karibu kila wiki hapa Kisumu ninaulizwa maswali yale yale: nikandamize kwa nguvu kiasi gani, nitumie mafuta gani, nianzie wapi, na je, mtu akianza kulia nimemkosea? Wanaouliza si wataalamu. Ni kijana wa bodaboda ambaye mamake huuza omena, yaani dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye na hurudi jioni shingo haigeuki. Ni mke wa mwalimu kule Nakuru ambaye mumewe husaga meno usingizini. Ni binti anayeishi na shangazi yake ambaye, tangu msiba wa mwaka jana, huketi mabega yakiwa yamepanda hadi karibu na masikio. Nimeona afadhali niyajibu yote mahali pamoja na kwa utaratibu, ili anayeanza aweze kuendesha kikao chake cha kwanza bila kumwumiza mwenzake wala kujiumiza mwenyewe.

Ninachoeleza hapa si kuchua. Anayechua husukuma nyama kwa nguvu, hutumia viwiko na mafuta mengi, na watu wengi humsifu kwa kadiri anayechuliwa anavyopiga kelele. Katika kukanda kwa upole mkono unatua, unangoja, kisha unaondoka, na nguvu inayotumika ni ndogo kiasi kwamba wanaofundishwa mara ya kwanza hudhani kazi bado haijaanza.

Nadharia nitaigusia tu. Msuli uliokazwa na uchovu, hofu au huzuni unatii amri ya neva, na ukiusukuma kwa nguvu amri hiyo huzidi kwa sababu mwili unajikinga. Ngozi nayo ina nyuzi nyembamba za neva zinazoitikia zaidi mguso wa polepole wa mkono wenye joto, unaotembea kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Mama anayembembeleza mtoto humpapasa kwa mwendo huo huo bila kufundishwa na mtu. Mbinu za aina hii zimefundishwa kwingi. Marion Rosen, mtaalamu wa fiziotherapia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1914 na baadaye kuhamia California, aliwafundisha wanafunzi wake kuuweka mkono mahali palipokaza na kuifuatilia pumzi. Tom Bowen wa mji wa Geelong, Australia, alijulikana kwa kuugusa mwili kidogo kisha kumwacha mtu apumzike kabla ya mguso unaofuata. Utaratibu wangu si wa yeyote kati yao, ila kutoka kwa wote wawili nimechukua jambo moja, nalo ni kungoja. Hautibu ugonjwa wowote. Unampa mtu nafasi ya kuuachilia mwili kwa muda, alale vizuri zaidi, na ajue ni wapi anapojikaza bila kufahamu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Tenga dakika 45 ambazo hutaitwa wala kukimbizwa. Zima simu zote mbili, yako na ya mwenzako, kwa sababu mlio mmoja unaweza kurudisha mabega juu yalipokuwa.

Sakafu ni bora kuliko kitanda laini. Tandika mkeka, na kama una ile mikeka ya mafunjo inayofumwa kando ya ziwa itafaa sana, kisha weka juu yake blanketi mbili au godoro jembamba. Kitandani utalazimika kuinama, na kabla ya robo saa kwisha mgongo wako ndio utakaohitaji kukandwa. Kama mwenzako ni mzee au magoti yake hayamruhusu kushuka chini, mketishe kwenye kiti akiielekea meza, aegemeze paji la uso juu ya mto uliowekwa mezani. Hatua karibu zote zinawezekana katika hali hiyo.

Andaa pia leso mbili, taulo moja na mto. Mafuta si lazima. Mimi mwenyewe napendelea kukanda juu ya nguo nyepesi, kwani mkono hautelezi na mtu haoni haya. Ukitaka mafuta, kijiko kimoja cha mafuta ya simsim au ya nazi kinatosha mwili mzima. Epuka dawa za kuchua zenye mentholi au pilipili, kwa kuwa ule muwasho wake unaufunika mwili usihisi mkono, na ukigusa karibu na macho utajuta.

Kata kucha, vua pete na saa, nawa mikono kwa maji yenye joto.

Joto la chumba linahitaji neno zaidi. Nakuru iko juu, takribani mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na jioni zake hukaza misuli kabla hata hujagusa mtu, kwa hiyo ongeza blanketi na tumia chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye taulo. Usiingize jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala kwa utulivu hawezi kujua kwamba anasinzia kwa sababu ya sumu. Hapa Kisumu taabu ni kinyume: joto na mbu. Fungua madirisha, fanya kikao kabla ya jua kutua, au kalieni ndani ya chandarua kama nafasi inaruhusu.

Watu wasiofaa kukandwa nyumbani

Sehemu hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye hatari ya kweli.

Mwenye homa asikandwe. Katika eneo letu la ziwa, maumivu ya mwili mzima pamoja na homa yanapaswa kupelekwa kupimwa malaria kwanza, hata kama mgonjwa mwenyewe anaapa kuwa ni uchovu wa shamba. Vilevile, ugonjwa wa selimundu upo kwa wingi magharibi mwa Kenya, na mtoto au kijana mwenye ugonjwa huo akishikwa na maumivu makali ya mifupa anahitaji hospitali, maji na dawa, si mikono yako.

Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma kwenye shavu la mguu, hasa kwa mama aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji au aliyelala kitandani kwa siku nyingi, usiguswe kabisa. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisukumwa linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani ni dharura. Maumivu ya kiuno yanayoambatana na miguu kulegea, ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuuzuia mkojo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mjamzito anaweza kukandwa mabega na nyayo akiwa amelala kwa ubavu wa kushoto, lakini tumbo lake liachwe. Najua wapo wanaoamini kwamba mtoto aliyekaa vibaya hugeuzwa kwa kukandwa tumbo na jirani. Kazi hiyo ni ya daktari na mkunga wa hospitali, wenye vyombo vya kusikiliza moyo wa mtoto. Usiguse pia jeraha bichi, mfupa unaoshukiwa kuvunjika, uvimbe usiojulikana, wala nyayo zisizohisi za mtu mwenye kisukari.

Kisha kuna suala la heshima. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya mama mkwe na mkwewe hawagusani, na hakuna sababu ya kiafya inayotosha kuvunja mwiko huo sebuleni kwako. Mtafute mtu mwingine wa kumkanda. Mwanamke akandwe na mwanamke mwenzake au mumewe, isipokuwa mwenyewe ameridhia vingine bila kusukumwa.

Hatua za kazi

1. Zungumzeni kwanza. Muulize mambo matatu: wapi panakaza, wapi hataki kuguswa, na atatumia ishara gani kukusimamisha. Ishara ya kuinua kidole inafaa kuliko maneno, kwa kuwa mtu aliyelegea huona uvivu wa kusema, na mtu mwenye heshima nyingi ataona aibu kumwambia shemeji au shangazi, "Unaniumiza." Mwambie akupe namba ya mkazo wake kuanzia 0 hadi 10, uiandike. Usiruke kuandika, kwa sababu baada ya kikao watu husahau walikuwaje.

2. Jitulize wewe. Piga magoti kando yake au keti ukikunja miguu, legeza mabega yako mwenyewe, na uvute pumzi tano ambazo kutoa kwake ni kurefu kuliko kuvuta. Mkono wa mtu mwenye haraka unajulikana. Ukiwa umegombana na mtu siku hiyo, ahirisha.

3. Mlaze kifudifudi, mto ukiwa chini ya kifua na taulo iliyokunjwa chini ya vifundo vya miguu, kisha mfunike leso kuanzia mabegani hadi miguuni. Asiyeweza kulala kifudifudi alale ubavu akiwa na mto kati ya magoti.

4. Weka mkono wa kwanza. Kiganja kimoja kikae katikati ya makombe ya mabega na kingine kiunoni, vyote viwili kwa wakati mmoja, polepole kama anayefunika chungu ambacho hataki kisikike. Usisogee kwa muda wa pumzi zake kumi. Nguvu ipime hivi: fikiria donge la unga wa chapati lililopumzishwa chini ya kitambaa. Kiganja kinalala juu yake, donge linapokea joto na uzito, lakini ukiinua mkono vidole havijaacha mashimo. Kosa kuu la wanaoanza liko hapa hapa. Wanahesabu pumzi tatu, wanaona hakuna kilichotokea, wanaanza kusukuma. Mwaka wangu wa kwanza nilimkandamiza jirani kwa kidole gumba kwenye bega kwa sababu nilihisi fundo, nikajivunia fundo hilo lilivyoisha. Kesho yake alikuwa na alama ya bluu na bega lilikuwa limekaza maradufu. Fundo haliishi kwa kushindwa nguvu. Linaisha pale neva zinapolegeza amri yake, na hilo hutokea kwa wakati wake.

Unachongojea ni ishara hizi: pumzi kushuka kutoka kifuani hadi tumboni, pumzi moja ndefu inayotoka kama ya mtu aliyetua mzigo, tumbo kunguruma, kidole au mguu kushtuka kidogo, mate kumezwa. Tumbo linalonguruma huwafanya wengi waone haya na kuomba radhi. Mwambie mapema kwamba hiyo ni habari njema.

5. Telezesha mkono. Anzia kisogoni na ushuke kando ya uti wa mgongo hadi kiunoni, kiganja kizima kikigusa, kwa mwendo wa sentimita 3 kwa sekunde. Kwa mtu mzima safari hiyo huchukua takribani sekunde 15, na ukiwa na haraka utaiona kama saa nzima. Fanya mara tatu upande wa kushoto na mara tatu upande wa kulia. Usipite juu ya mifupa ya uti wenyewe. Baada ya kila upande ondoa mikono kabisa na umwache dakika mbili. Katika dakika hizo usiseme wala usipange vitu, keti tu.

6. Shughulikia mabega. Shika nyama iliyo kati ya shingo na bega kwa kiganja na vidole vyote, si kwa ncha za vidole, kama anayeshika mkono wa mtoto wakati wa kuvuka barabara. Usibane. Ukihisi kitu kigumu, kaa hapo pumzi tano hadi kumi, kisha lisogeze bega zima kidogo sana kuelekea sikioni, yaani ulisaidie kufanya kile ambacho tayari linafanya. Msuli uliochoka kulishikilia bega, ukibebewa kazi yake, mara nyingi huacha wenyewe. Sijui hatua yenye faida kuliko hii kwa wanaobeba beseni kichwani, wanaoshona kwa cherehani, na wapanda bodaboda wanaoshika usukani kutwa nzima. Kwa mama yule wa Kibuye, siku ya Jumatatu baada ya soko kubwa la Jumapili, tulitumia nusu ya kikao hapa peke yake.

7. Fuata mbavu. Weka viganja pande zote mbili za mbavu za chini, na acha mikono ipande na kushuka pamoja na pumzi bila kuiongoza. Usimwambie "pumua ndani zaidi". Ukimwagiza atapumua kwa juhudi, na juhudi ndiyo tunayotaka iondoke. Kiwambo cha kupumulia kiko chini ya viganja vyako, na mtu aliyekaa na hofu au msiba kwa muda mrefu hukikaza pasipo kujua. Machozi, yakija, huja mara nyingi katika hatua hii au inayofuata.

8. Mgeuze alale chali, mto chini ya magoti. Keti upande wa kichwa chake, ingiza mikono yote miwili chini ya kisogo, viganja juu, na ukipokee kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, na ndani ya dakika mbili za kwanza utagundua kwamba hajakupa uzito wote, anakubebea. Usimhimize. Ncha za vidole zikae pale fuvu linapokutana na shingo, zikiwa zimetulia, dakika tatu hadi tano.

Maonyo ya shingo ni mawili na hayana ubaguzi. Kwanza, usiigeuze shingo kwa ghafla wala kujaribu kuialisha, yaani kuifanya itoe mlio, hata kama umeona kinyozi akifanya hivyo na watu wakashangilia. Pili, usikandamize pande za mbele za shingo, kwani hapo hupita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo.

9. Pitia taya. Weka vidole viwili bapa mbele ya kila sikio, mahali panapojitokeza mtu anapouma meno, na umwombe aachanishe meno huku midomo ikiwa imefumbwa. Kaa pumzi kumi. Anayesaga meno usiku atashangaa jinsi panavyouma hata kwa mguso mdogo; punguza nguvu zaidi, usiongeze.

10. Malizia kwa viganja na nyayo, dakika moja kila kimoja, kwa kuvishika tu.

11. Funga kikao. Mfunike vizuri, ondoa mikono polepole, umwache dakika tano. Kisha ageuke ubavu, aketi angalau dakika mbili kabla ya kusimama, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kushuka na akaona kizunguzungu, hasa anayetumia dawa za presha. Mpe maji au chai. Muulize namba yake upya na uiandike kando ya ile ya kwanza. Asipande pikipiki mara moja. Kijana mmoja aliniambia alifika Kondele bila kukumbuka alivyopita mzunguko.

Machozi na kimya kizito

Mtu akilia, mikono yako isikimbie. Simamisha mwendo, uache mkono pale ulipokuwa, na uendelee kupumua. Sisi tumelelewa kusema "pole, nyamaza, usilie," na maneno hayo, japo ni ya upendo, yanamwagiza akaze upya kile alichokwisha kukilegeza. Leso safi ikiwa karibu na mkono wake inatosha. Usiulize analilia nini. Akitaka kusema atasema, nawe sikiliza bila kushauri. Asipotaka, hukudai siri ulipoanza na huna haki ya kudai sasa. Anayokuambia akiwa amelala mkekani hayafiki jikoni, hayafiki kwenye chama, hayafiki kwa dada yake.

Kutolia pia ni sawa. Nimekutana na wanaoanza ambao huona kikao bila machozi kimeshindwa, wakaanza kuchokoza: "Umemkumbuka marehemu, sivyo?" Hilo ni kosa kubwa kuliko kukandamiza kwa nguvu.

Kuna kimya kingine ambacho si cha utulivu. Pumzi inakatika, macho yanafunguka na kutazama pasipoonekana kitu, mikono inakuwa baridi, mwili unakuwa mgumu kama ubao. Wapo kati yetu, Nakuru na Kisumu zote mbili, walioshuhudia ghasia za baada ya uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, na wapo waliopatwa na mabaya ndani ya nyumba zao wenyewe. Kwa watu hao mkono unaotoka nyuma unaweza kuamsha siku ile nzima. Acha kukanda. Ondoa mikono polepole, umwite kwa jina lake, mwambie yuko wapi na ni saa ngapi. Msaidie aketi, nyayo zikanyage sakafu, akutajie vitu vitano anavyoviona chumbani. Kikao kimekwisha kwa siku hiyo. Ikiwa hali hiyo hurudi, au halali, au anasema hataki kuishi, mpeleke kwa mshauri nasaha au kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya kaunti, na usimwache peke yake njiani.

Ukikuta michubuko ambayo maelezo yake hayaingii akilini, usimhoji mbele ya wengine. Mjulishe faraghani kwamba namba 1195 hupigwa bila malipo na husaidia waliodhulumiwa kijinsia.

Mambo yakienda kombo

Hakuna kilichobadilika. Mara ya kwanza na ya pili ni kawaida, kwa kuwa mwili unakupima. Angalia kwanza mwendo wako: tumia saa na uhakikishe zile sekunde 15 ni 15 kweli. Wengi wanaoniletea lalamiko hili huwa wanatumia 5.

Anachekacheka, anatekenyeka. Acha ncha za vidole, tumia kiganja kizima juu ya leso, na umwombe aweke mkono wake mwenyewe kwanza, wako ukae juu ya wake. Baada ya pumzi chache auondoe.

Analala na kukoroma. Mwache. Endelea hadi mwisho na umwamshe kwa kumshika nyayo, si bega.

Anazungumza bila kukoma. Mara nyingine ni woga. Jibu kwa ufupi na kwa sauti ya chini zaidi kila mara, naye atashuka nawe. Ukikaa kimya ghafla atadhani amekukasirisha.

Vidole gumba vyangu vinauma. Basi unakandamiza. Katika utaratibu huu kidole gumba hakina kazi yoyote isipokuwa kuambatana na vingine.

Aliamka na maumivu kesho yake. Uzito kidogo wa mwili kwa siku moja si ajabu. Ukizidi siku mbili, au kukiwa na ganzi, udhaifu wa mkono au mguu, au kichwa kuuma vibaya, aone daktari, na usimkande tena hadi apimwe.

Nifanye mara ngapi? Mara moja kwa wiki inatosha wengi, mbili wakati wa msiba au mitihani. Kila siku ni nyingi mno, na hugeuka kuwa mzigo kwa anayekanda.

Je, naweza kutoza fedha? Kwa jirani anayekupa nauli sina neno. Lakini usijiite mtaalamu wa fiziotherapia wala mshauri nasaha. Kazi zote mbili zina sheria zake nchini, zote za mwaka 2014, na anayezifanya lazima awe amesoma na kusajiliwa. Usimwambie mtu aache dawa zake.

Mkazo unarudi kila wiki pahali pale pale. Hapo acha kuuchunguza msuli, uchunguze mzigo. Kiti cha cherehani kiko chini kiasi gani? Usukani wa pikipiki umekaa sawa? Mtoto hubebwa upande mmoja tu? Mama wa omena tulimkanda mwezi mzima na namba yake ilikuwa ikishuka kutoka 8 hadi 4 kila Jumatatu, kisha kupanda tena 8 kila Jumapili jioni. Siku moja mwanawe alimfuata sokoni akaona kwamba beseni lote hubebwa kwa safari moja, kichwa kikiwa kimeinama kushoto kwa sababu ukingo wake umebonyea upande huo. Walinunua beseni jingine na sasa wanabeba kwa safari mbili, moja ikiwa ya pikipiki. Bado anakandwa kila Jumatatu, ila siku hizi anaanzia 5.